Lehemu iliyochacha nyuma ya jicho: kujipima nyumbani, kupika, na kufika hospitali mapema ukiwa Mtwara au Lindi

Karatasi ya maabara ikionyesha kuwa lehemu ya damu, ile tunayoiita pia kolesteroli, iko sawa, mtu huikunja na kuiweka kabatini kwa furaha. Kwa moyo na mishipa, furaha hiyo ina msingi. Kwa macho haitoshi. Nyuma ya jicho kuna lehemu inayotengenezwa na kusafirishwa humohumo, na madhara yake yanatokana zaidi na inachogeuka kuwa inapokaa miaka mingi mahali penye mwanga, oksijeni nyingi na madini ya chuma. Korosho iliyobanguliwa ukiiacha wazi miezi kadhaa huchacha: mafuta ni yaleyale, ila harufu na ladha vimebadilika, na tumbo linajua. Lehemu ya jicho nayo huchacha.

Mwongozo huu ni wa walio na miaka 50 na kuendelea, pamoja na watoto na wajukuu wanaoishi nao. Utakuonyesha namna ya kujipima kwa daftari la shule, dalili zisizosubiri kesho, mambo ya kumuuliza daktari, na dawa za matone ambazo hupaswi kuzinunua.

Kinachotokea huko nyuma

Retina ni utando unaopokea mwanga. Katikati yake pana eneo dogo, upana wake kama milimita 5, linaloitwa makula. Kwa makula unasoma ujumbe wa simu, unatunga uzi kwenye sindano, unachambua mchele na kumtambua mgeni kabla hajabisha hodi.

Seli zinazopokea mwanga hujimenya kila siku. Takriban sehemu moja ya kumi ya ncha zake hukatika na kumezwa na tabaka la seli zenye rangi nyeusi zilizo chini yake. Seli hizo nyeusi huvunjavunja mabaki, huchukua lehemu nyingine kutoka kwenye damu, kisha hufungasha mafuta yaliyozidi kwenye chembe ndogondogo na kuyasukuma nje kupitia utando mwembamba uitwao utando wa Bruch, hadi kwenye mishipa ya damu. Kazi hiyo haina sikukuu.

Ujanani njia iko wazi. Umri ukisogea, utando wa Bruch hunenepa na lehemu hunasa humo, kama mtaro wa sokoni unavyoziba taratibu kwa maganda na mchanga. Mwishowe hujitokeza vivimbe vya njano vinavyoitwa druseni. Mafuta, lehemu ikiwamo, huchukua takriban asilimia 40 ya ujazo wake. Daktari huvigawa kwa upana: vilivyo chini ya mikromita 63 ni vidogo, kutoka 63 hadi 124 ni vya kati, na vya 125 au zaidi ni vikubwa. Mikromita 125 ni kama upana wa mshipa wa vena pale unapotokea kwenye neva ya jicho, na ndiyo maana daktari mzoefu anaweza kukadiria kwa kutazama tu.

Lehemu iliyonasa humo hukutana na oksijeni na chuma, na hapo hugeuka kuwa oksisteroli, yaani lehemu iliyoshikana na oksijeni. Inayotutia wasiwasi zaidi ni 7-ketokolesteroli. Haihitaji kimeng'enya chochote ili itokee. Inajitengeneza yenyewe kwa kuchacha. Imekutwa kwenye tabaka la seli nyeusi na kwenye utando wa Bruch. Huua seli, huamsha askari wa kinga, na huchochea kemikali zinazoita mishipa mipya ya damu. Ilipowekwa kwenye macho ya panya katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013, palitokea uvimbe na mishipa mipya ikaota.

Lakini si kila kinachozaliwa na lehemu ni adui. Retina ina vimeng'enya, CYP46A1 na CYP27A1, vinavyoibadilisha lehemu iliyozidi kuwa oksisteroli nyepesi zinazoweza kutoka nje ya jicho. CYP27A1 husaidia hata kuipunguza makali 7-ketokolesteroli yenyewe. Vitamini D inatokana na ndugu wa lehemu aliye kwenye ngozi. Homoni za steroidi zinatokana na lehemu pia, na hizo tutazirudia, kwa sababu dawa zinazoziiga ndizo zinazowapofusha watu kimyakimya kupitia kichupa cha matone.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa ni kuzorota kwa makula kwa sababu ya umri. Una sura mbili. Ule mkavu huenda pole kwa miaka: seli nyeusi zinakufa kidogokidogo, katikati panafifia. Ule wa majimaji hutokea mishipa mipya ikiota chini ya retina na kuvuja maji au damu, na huo unaweza kuharibu uwezo wa kusoma ndani ya wiki chache. Mkavu unaweza kugeuka kuwa wa majimaji bila kubisha hodi. Wenye asili ya Afrika hupata hatua mbaya za ugonjwa huu kwa kiwango kidogo kuliko Wazungu, ila hawajakingwa.

Jambo linalowashangaza wengi: ile lehemu ya HDL inayosifiwa kwa kuwa nzuri si bima ya macho. Tafiti kubwa za vinasaba zimeonyesha kuwa HDL ya juu huambatana na hatari iliyozidi kidogo ya ugonjwa huu. Kwa hiyo usiache kupima macho eti kwa sababu damu imetoka safi.

Jipime kwa daftari la hesabu

Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote ni mraba wenye mistari uliobuniwa na daktari wa Uswisi, Marc Amsler. Unaweza kuuchora mwenyewe. Chukua daftari la hesabu lenye miraba na uhakikishe kwa rula kwamba kila mraba una nusu sentimita, maana mengine yana vipimo tofauti. Hesabu miraba 20 kwenda kulia na 20 kwenda chini. Utapata mraba mkubwa wa sentimita 10 kwa 10. Pitisha kalamu nyeusi kwenye mistari yote kwa rula, kisha weka nukta nene katikati kabisa. Bandika kwenye kadibodi iliyonyooka. Karatasi iliyojikunja itakudanganya, utaona mawimbi ambayo hayamo jichoni.

1. Kaa penye mwanga wa kutosha, dirisha likiwa mgongoni au pembeni, lisiwe mbele yako.
2. Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo. Bila miwani ukungu wa uzee utaficha kasoro yenyewe.
3. Shika karatasi umbali wa sentimita 30. Rula ya mwanafunzi ina urefu huohuo: weka ncha moja kwenye shavu na nyingine kwenye karatasi.
4. Ziba jicho moja kwa kiganja kilichojikunja kama kikombe. Usilibane jicho, likibanwa litaona ukungu kwa dakika kadhaa na kipimo kitaharibika.
5. Tazama nukta peke yake. Bila kuhamisha macho, angalia kama unaona pembe zote nne, kama mistari yote imenyooka, na kama kuna mahali palipofutika, palipofifia au palipo na kivuli.
6. Rudia kwa jicho la pili. Andika tarehe na ulichoona.

Asiye na tatizo lolote ajipime mara moja kwa wiki. Aliyeambiwa ana druseni za kati au kubwa ajipime kila siku, asubuhi, baada ya chai.

Kosa kubwa ni kupima macho yote mawili kwa pamoja. Jicho zima hufunika aibu ya mwenzake, na mtu anaweza kupoteza makula ya upande mmoja kwa miezi asijue mpaka siku jicho zima linapoingiwa na vumbi. Kosa la pili ni la sisi tunaowapima wazee. Ukimuuliza bibi, “Unaona vizuri?” atakujibu, “Naona, mjukuu wangu,” kwa sababu hataki kukusumbua. Muulize jambo linalohitaji kidole:

“Shikamoo bibi. Ziba la kushoto kwa kiganja, usilibane. Tazama nukta tu. Pembe ngapi unaziona?”

“Marahaba. Nne. Ila hii mistari ya chini imekaa kama ukili uliolegea.”

“Hebu niwekee kidole hapo palipolegea, bibi. Usiiache nukta.”

Pale kidole kinapotua, zungushia kalamu na uandike tarehe. Wiki inayofuata tumia karatasi mpya, kisha linganisha. Duara likikua au likihama kuelekea kwenye nukta, safari imeiva.

Asiye na karatasi atumie nondo za dirisha. Simama hatua tatu, ziba jicho moja, tazama nondo ya katikati. Nondo zilizonyooka zikionekana zimepinda kwa jicho moja na zimenyooka kwa jingine, tatizo liko jichoni. Mraba huu, hata hivyo, hukosa baadhi ya wagonjwa. Ukiona kila kitu kiko sawa, bado unahitaji kupimwa na mtaalamu.

Dalili zinazoonekana usoni, na ile ya pazia

Kwenye kioo unaweza kuona lehemu kwa macho. Pete ya kijivu au nyeupe kwenye ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho ni lehemu iliyotua kwenye konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Kwa mtu wa miaka 65 ni ya kawaida na haipunguzi kuona. Kwa mwenye chini ya miaka 45 ni sababu ya kwenda kupima lehemu ya damu, hasa pete ikiambatana na vinundu vya njano kwenye kope za ndani karibu na pua. Vinundu hivyo havipofushi. Vinaeleza habari za mishipa yako.

Dalili ya dharura ni pazia. Jicho moja linafunikwa giza kutoka juu kwenda chini, linakaa hivyo dakika chache, kisha linafunguka na mtu anaendelea na shughuli zake. Mara nyingi hicho ni kipande kilichokatika kutoka kwenye ukuta wa mshipa wa shingoni na kupita kwenye mishipa ya retina. Mwaka 1961 daktari Robert Hollenhorst wa Marekani alieleza vipande vya lehemu vinavyong'aa njano ndani ya mishipa hiyo, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Kipande kinachofuata kinaweza kwenda kwenye ubongo. Usilale na dalili hiyo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, pimwa shinikizo la damu, sukari na mapigo ya moyo, na umwambie daktari neno kwa neno: “Jicho moja liliingia giza kama pazia, likarudi.”

Mistari kupinda ghafla, au doa jeusi kutokea katikati ya unachotazama, kunahitaji daktari wa macho ndani ya siku chache. Hapa kuna jambo la kwetu ambalo linatuuma. Wazee wengi wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa husema watakwenda baada ya mnada wa korosho, fedha zikishaingia. Kama mistari imepinda mwezi Agosti, mnada wa Oktoba uko mbali mno. Kwa ugonjwa wa majimaji, miezi miwili inaweza kuacha kovu ambalo hakuna sindano italiondoa. Familia ikope nauli, korosho zitalipa baadaye.

Safari ya hospitali

Anzia zahanati au kituo cha afya upate barua ya rufaa, hasa kama unatumia bima. Hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula mjini Mtwara na Sokoine mjini Lindi, na Mtwara kuna pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Uliza kwanza siku ya kliniki ya macho, ili usitoke Liwale au Nanyumbu ukafika siku ambayo daktari yuko kwenye upasuaji. Kwa kipimo cha OCT, yaani picha ya matabaka ya retina, na sindano za ndani ya jicho unaweza kupewa rufaa ya Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT.

Uchunguzi wa maana ni ule wa kupanua mboni. Unawekewa matone, unasubiri dakika 20 hadi 30, mboni inafunguka na daktari anaona makula yote. Baada ya hapo utaona ukungu wa karibu na mwanga utakuchoma kwa saa 4 hadi 6. Kwa hiyo usiende na pikipiki unayoiendesha mwenyewe. Nenda na mtu, beba kofia pana au miwani ya jua. Beba pia miwani yako ya kusomea, dawa zote unazotumia pamoja na vichupa vyote vya matone hata vilivyokwisha, na zile karatasi ulizozungushia kalamu.

Andika maswali kwenye daftari kabla hujaingia, maana chumbani hutoroka. Je, kuna druseni? Ni ndogo, za kati au kubwa? Ziko jicho moja au yote mawili? Kuna maji au damu chini ya retina? Presha ya jicho ni ngapi kila upande? Kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Nirudi lini? Majibu yaandikwe papo hapo na yule aliyekusindikiza, kwa sababu wewe huoni karibu.

Ukiwa na kisukari, pima macho kila mwaka hata kama huna dalili. Muulize daktari kuhusu fenofibrati, dawa ya kushusha mafuta ambayo tafiti zimeonyesha inaweza kupunguza kasi ya kuharibika kwa retina kwa wenye kisukari. Ni ya kuandikiwa na daktari, figo zikiwa zimepimwa.

Tiba iliyopo, na matumaini yasiyo na msingi

Ugonjwa wa majimaji hutibiwa kwa sindano ndani ya jicho: bevasizumabu, ranibizumabu au aflibersepti. Kwa kawaida kiasi kinachoingia ni mililita 0.05 tu. Jicho hutiwa ganzi kwa matone na kusafishwa kwa iodini. Wengi husikia kubanwa zaidi ya maumivu. Kwa kawaida mgonjwa huanza kwa sindano tatu, moja kila mwezi, kisha daktari hupanga nafasi kulingana na maji yanavyokauka. Kinachoharibu matibabu mara nyingi ni kukosa sindano ya pili au ya tatu. Mgonjwa anaona ameanza kusoma tena, anakumbuka urefu wa barabara ya Dar, anaamua kupumzika, na mishipa inarudi. Kabla ya sindano ya kwanza, kaeni kama familia mpange nauli na mahali pa kulala kwa safari tatu.

Wekundu wa siku moja mbili baada ya sindano ni wa kawaida. Maumivu yanayoongezeka, kuona kunakopungua na jicho kuwa jekundu zaidi ndani ya siku chache za mwanzo ni dalili ya maambukizi ndani ya jicho. Hilo ni la saa, si la siku.

Kwa ugonjwa mkavu wa hatua ya kati, utafiti wa Marekani uitwao AREDS2, uliotangazwa mwaka 2013, ulitoa mchanganyiko huu kwa siku: vitamini C miligramu 500, vitamini E uniti 400, luteini miligramu 10, zeaksanthini miligramu 2, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2001, ulionyesha kuwa vidonge vya aina hii hupunguza hatari ya kufika hatua mbaya kwa takriban asilimia 25 ndani ya miaka 5. Havirudishi kilichopotea na havimsaidii mwenye macho mazima au mwenye druseni ndogo tu. Shaba imo kwa sababu zinki nyingi huiondoa mwilini na kuleta upungufu wa damu, hivyo usimeze zinki peke yake kwa miezi. Mvutaji, na aliyewahi kuvuta, akwepe vidonge vyenye beta-karotini. Vimeongeza saratani ya mapafu kwa watu hao.

Statini, dawa za kushusha lehemu ya damu, ni nzuri kwa kukinga moyo. Kwa macho, kuna utafiti mdogo wa mwaka 2016 ambapo wagonjwa 10 kati ya 23 waliotumia atovastatini miligramu 80 druseni zao zilipungua. Idadi hiyo ni ndogo mno kumfanya mtu ameze kipimo kikubwa kwa ajili ya macho. Kama umeandikiwa kwa ajili ya moyo au kisukari, endelea nayo.

Kuna matone yanayouzwa mtandaoni kwa jina la lanosteroli, yakidai kuyeyusha mtoto wa jicho. Lanosteroli ni hatua mojawapo mwili unapotengeneza lehemu. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa ilipunguza ukungu kwenye lenzi za sungura na mbwa, habari ikaenea. Wengine walipoijaribu kwenye lenzi za binadamu zilizotolewa katika upasuaji, hazikung'aa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekewa lenzi bandia. Fedha ya matone hayo ni nauli ya kwenda kufanyiwa upasuaji.

Jikoni na nje ya nyumba

Kama unavuta sigara au tumbaku ya kusokota, acha. Baada ya umri, hakuna kitu kilicho mikononi mwako kinachoongeza hatari kuliko hicho. Wavutaji hupata ugonjwa huu mara 2 hadi 4 zaidi ya wasiovuta. Yote mengine ya sehemu hii ni madogo mbele ya hilo.

Sehemu kubwa ya 7-ketokolesteroli ya jichoni hutengenezwa humohumo, haitoki moja kwa moja kwenye sahani. Hata hivyo mishipa ya mwili mzima inaathirika na mafuta yaliyochacha, na jicho linategemea mishipa hiyo. Tazama karai la kukaangia samaki. Mafuta ya mboga hayana lehemu, ila samaki anayo, na huiachia humo. Mafuta yakirudiwa siku ya nne, yakawa na rangi ya chai ya rangi, yakitoa povu laini lisilotulia na moshi kabla samaki hajaingia, yamekwisha. Kuongezea mafuta mapya juu ya ya zamani hakuyafufui. Ya zamani huyaharibu mapya. Yachuje yangali vuguvugu, yafunike, yaweke gizani, usiyatumie zaidi ya mara mbili au tatu. Karai lililoshika kutu litupwe, kwa sababu chuma huharakisha kuchacha.

Dagaa na ng'onda zilizokauka juani hubeba lehemu iliyochacha zaidi ya samaki mbichi, kwa kuwa jua, hewa na chumvi vimeifanyia kazi siku nyingi. Sisemi ziachwe, ni chakula chetu na protini yake ni ya thamani. Nunua zilizokauka karibuni, zenye rangi ya fedha na zisizo za njano, tunza kwenye chombo kilichofungwa, na ziwe zamu na samaki mbichi wa kuchemsha au wa mchuzi. Vibua na jodari wana mafuta mazuri. Mara mbili kwa wiki inatosha. Vidonge vya mafuta ya samaki vilijaribiwa kwenye AREDS2 na havikuongeza kinga yoyote, kwa hiyo fedha hiyo ipeleke kwa mvuvi.

Luteini iko kwenye matembele, mchicha, majani ya maboga na kisamvu. Ni rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, hivyo mboga zilizochemshwa kwa maji matupu hukupa kidogo. Tia tui au karanga za kusaga na luteini itaingia mwilini vizuri. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha ili sumu yake itoke. Kiini cha yai kina luteini inayofyonzwa kwa urahisi, na yai moja kwa siku halina sababu ya kuogopwa na mtu mwenye afya. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze majani kwa ghafla. Ale kiasi kilekile kila wiki na amwambie daktari. Na msimu wa mabibo usipite hivihivi: bibo bichi lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa. Hilo ni la kula tunda lenyewe, maana uraka, pombe ya mabibo, ni habari nyingine.

Salfa, macho mekundu, na kichupa cha matone

Kati ya Juni na Septemba, mikorosho inapopuliziwa salfa dhidi ya ubwiri unga, macho ya wengi huwaka. Jicho linalowaka hupelekwa duka la dawa, na mara nyingi hurudi na kichupa chenye antibayotiki pamoja na steroidi. Steroidi hizo huiga homoni zinazotokana na lehemu: deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni. Wekundu huisha kwa siku mbili, mtu anaisifu dawa, anaiweka kwenye dirisha na kuitumia kila msimu. Wakati huohuo, kwa baadhi ya watu, presha ya jicho hupanda taratibu, mara nyingi ndani ya wiki 2 hadi 6 za matumizi. Haiumi. Neva ya jicho hufa kuanzia pembeni, na ikifa hairudi. Matumizi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho, na kama jicho lilikuwa na fangasi au virusi, steroidi huvipa nafasi ya kula konea.

Kwa hiyo salfa ikiingia, osha. Mlaze mtu kichwa kikiwa kimeinamia upande wa jicho lililoumia, mfungue kope kwa vidole safi, mmwagie maji safi ya bomba au yaliyochemshwa na kupoa kwa jagi, polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje ili yasiingie kwenye jicho zima. Fanya hivyo dakika 15 kwa saa, si kwa kukadiria. Akiwa bado hawezi kufungua jicho, au anaona ukungu, aende kituo cha afya. Mpuliziaji avae miwani inayoziba pande zote na apulize alfajiri upepo ukiwa umetulia.

Kichupa ulicho nacho nyumbani kisome. Jina likianza kwa “dexa”, “pred” au “beta”, na liwe na “sone” au “lone” mwishoni, ni steroidi. Muuzaji akikupa bila cheti, mwombe matone yasiyo na steroidi au uende kupimwa. Kama umekuwa ukitumia yenye steroidi kwa wiki kadhaa, usiyakatishe ghafla, maana uvimbe unaweza kurudi kwa nguvu. Nenda nayo kliniki, omba kupimwa presha ya jicho siku hiyohiyo, na daktari akuandikie namna ya kupunguza: matone mangapi kwa siku wiki ya kwanza, mangapi ya pili, mpaka yaishe. Na kama kuna mtu wa ukoo wako, mama, baba, kaka au dada, aliyewahi kuambiwa ana presha ya macho, liseme hilo kabla hujakubali tone la kwanza.